Kamera ya zamani usiitupe, ipelekee umeme kwenye waya huohuo wa netiweki

Habari zenu mafundi, na habari zenu nyie wenye majengo mliokuja kusikiliza ili fundi asiwapige, karibuni wote. Leo sina slaidi, nina mita hii hapa ya kupimia umeme, roli la waya lile pale chini lina mita 60 hivi, na kamera mbili ambazo zilitolewa ukutani zikawekwa kwenye boksi la kutupa. Kamera zenyewe nzima kabisa jamani. Picha safi, lenzi safi, kosa lake ni kwamba zinataka adapta ya volti 12 pembeni, na mwenye jengo kachoka na adapta maana kila kamera ina soketi yake juu ya dari, kila soketi ina ekstensheni yake, na adapta moja ikifa lazima mtu apande ngazi saa nane usiku. Basi akaambiwa anunue zote mpya za PoE, yaani zinazopokea umeme kwenye waya uleule wa netiweki. Mimi nasema subiri kwanza.

Na sio kamera tu. Kuna visoma kadi, kuna kontrola za milango, kuna intakomu, kuna paneli za alamu, vitu vilivyotengenezwa kudumu na vinadumu kweli, ila vilitengenezwa kipindi ambacho umeme ulikuwa na waya wake na data ina waya wake. Sehemu ya netiweki inafanya kazi, sehemu ya ulinzi inafanya kazi, kilichokosekana ni kasakiti kadogo ka kupokea umeme toka kwenye waya wa data. Hako kasakiti kanauzwa peke yake.

Jambo langu nalisema mapema ili anayesinzia asilikose. Umeme usafirishe ukiwa na volti nyingi, uzishushe palepale kwenye kifaa, na hesabu yako ifanye kwa mzigo wa usiku. Mengine yote nitakayoongea ni kuelezea hilo.

Tuanze na PoE yenyewe maana wengi tunaitumia bila kujua inafanyaje. Waya wa netiweki una nyuzi 8, yaani jozi 4. Netiweki ya kasi ya mega 10 na ya mega 100 inatumia jozi mbili tu, pini 1 na 2 halafu pini 3 na 6, hizo ndo za chungwa na kijani. Jozi ya bluu ipo pini 4 na 5, ya kahawia pini 7 na 8, hizo zimekaa bure, na ukifunga plagi kwa mpangilio wa A au wa B bluu na kahawia hazihami. Ndo maana zamani watu walianza kupitisha umeme humo, kila kampuni na volti zake, huyu 12, yule 24, mwingine 48, fujo tupu. Mwaka 2003 IEEE, wale wahandisi wanaoweka viwango, wakatoa kiwango, 802.3af, wati 15.4 zinatoka kwenye swichi, kile kiboksi cha kugawa netiweki, na wati 12.95 ndo za uhakika upande wa kifaa, ile tofauti imeachwa iliwe na waya wa mita 100. Mwaka 2009 ikaja 802.3at, zinatoka 30 zinafika 25.5. Mwaka 2018 ikaja 802.3bt inayotumia jozi zote nne, inaweza kutoa mpaka wati 90 na kifaa kikapata 71.3. Kwa kamera ya kawaida ya ukutani au kontrola ya mlango mmoja hiyo ya 2003 mara nyingi inatosha, usikubali kuuziwa swichi kubwa kwa sababu tu namba yake ni mpya.

Uzuri wa kiwango hiki ni kwamba swichi haimwagi umeme hovyo, inabisha hodi kwanza. Inatuma volti chache sana, kati ya 2.7 na 10.1, inapima ukinzani wa upande wa pili, ikikuta ni kama kilo-omu 25 basi inajua huyu ni mwenzetu, ndo inapandisha mpaka volti 44 hadi 57. Ikikuta kitu tofauti inakaa kimya. Kwahiyo ukichomeka kamera ya zamani moja kwa moja kwenye swichi ya PoE ya kiwango, haiungui, ila pia haiwaki. Data itapita umeme hautakuja. Najua kuna watu wanaogopa kuchomeka hata laptopu kwenye swichi za PoE, hofu hiyo haina msingi kama swichi ni ya kiwango.

Sasa kidude kinachotuokoa kinaitwa splita. Upande mmoja kinapokea waya wa netiweki wenye umeme, ndani kina hiyo rezista ya kujitambulisha na kina kibadilishaji cha kushusha volti 48 kuwa 12, au 5, au 24 kutegemea umenunua ipi, upande wa pili kinatoa mikia miwili, mmoja plagi ya netiweki yenye data tu bila umeme, mwingine jeki ya umeme ile ya duara unaichomeka pale ilipokuwa adapta. Kamera haijui kitu chochote kimebadilika. Swichi nayo inadhani inaongea na kamera ya PoE. Ukiwa na swichi ya zamani isiyo na PoE bado unaweza kuweka injekta ya kiwango, kidude cha kuingiza umeme kwenye waya, katikati, karibu na swichi, halafu splita kule mwisho, kazi ileile.

Lakini hapa lazima niwatenganishie vitu viwili maana madukani vyote vinaitwa splita na vyote vina plagi zinazofanana. Kuna splita yenye sakiti ndani, hiyo niliyoielezea. Halafu kuna ile ya pasivu, inakuja jozi, moja ya kuingizia na moja ya kutolea, haina chochote ndani zaidi ya nyaya. Inachukua adapta yako ya volti 12 inaiingiza bluu na kahawia, kule mwisho inaitoa, basi. Haiulizi, haipimi, haishushi. Ni rahisi sana ndo maana imejaa kila mahali, na ndo inayoleta kesi nyingi za kamera inayofanya kazi mchana usiku inazimika.

Ngoja niwaonyeshe, sogeeni huku mbele kidogo mwenye mita aone. Hii adapta ya volti 12, naipitisha kwenye pasivu, roli la mita 60, kamera kule mwisho, jeki nimeifungulia kwa skrubu ili mita ipate pa kushika. Inasoma 10.4 na kitu. Kamera imewaka, picha ipo, fundi wa haraka hapa angekunja ngazi akaomba hela yake. Sasa nafunika kihisi cha mwanga kwa kidole, kamera inaamini ni usiku, inawasha taa za infraredi. Oneni mita. Tisa... nane... imekatika. Picha imepotea, mita imepanda tena maana kamera imeacha kula, inawaka upya, taa zinawaka, inashuka tena. Itaendelea hivyo mpaka asubuhi. Na mwenye jengo anapiga simu saa tatu asubuhi, fundi anakuja anakuta kamera nzima, anasema hamna tatizo mzee.

Kwanini? Waya wa kopa wa kawaida wa netiweki, ukitumia jozi moja kwenda na jozi moja kurudi, una ukinzani wa kama omu 9 kwa kila mita 100 za urefu, kwenda na kurudi nimeshajumlisha humo. Mita 60 ni kama omu 5.4. Kamera yetu mchana inakula wati 3, usiku wati 6. Wengi wanapiga hesabu hivi, wati 6 gawanya kwa 12 ni nusu ampi, nusu ampi mara 5.4 ni volti 2.7, kwahiyo zinabaki 9.3, labda itaishi. Hapana, hesabu haijaisha. Ndani ya kamera kuna kibadilishaji kinachotaka wati zake 6 iwe isiwe, volti zikipungua kinavuta mkondo zaidi, mkondo ukizidi volti zinapungua zaidi njiani, kinavuta tena zaidi. Ukiimaliza hesabu vizuri unakuta inatulia kama volti 7.9 na mkondo umefika robo tatu ya ampi, kama kamera yenyewe itavumilia kukaa hapo, na hii haijavumilia kama mlivyoona.

Sasa iongeze iwe mita 100. Hapo hesabu inakataa kabisa, haina jibu. Ukiwa na volti 12 na njia ya omu 9, wati nyingi kuliko zote unazoweza kuzitoa upande wa pili ni 4. Nne tu. Hata ulete adapta ya ampi 10 kubwa kama tofali, wati 6 hazitatoka kule mwisho, ni waya umegoma na adapta haina kosa. Nimeona watu wanabadilisha adapta, kutoka ampi 1 kwenda 2 kwenda 5, wakati adapta haikuwa shida hata siku moja.

Haya, kamera ileile, roli lilelile, natoa pasivu naweka swichi ya PoE huku na splita yenye sakiti kule. Tuseme ndani ya splita kuna hasara kidogo, kamera ikitaka 6 splita inavuta kama 7. Wati 7 kwa volti 48 ni kama miliampi 150. Miliampi 150 mara 5.4 haifiki hata volti moja. Zinafika volti 47 na ushei, splita inazishusha zinakuwa 12 kamili, nafunika kihisi, mita inasoma 12, naachia inasoma 12. Hata ingekuwa mita 100 ungepoteza volti moja na kidogo tu. Volti ukizizidisha mara nne, mkondo unagawanyika kwa nne, na moto unaopotea kwenye waya unagawanyika kwa kumi na sita. Hiyo ndo sababu nzima ya wale watu wa viwango kuchagua 48 wakaachana na 12.

Simaanishi pasivu ni haramu. Mita 10, 15, kisoma kadi kinachokula wati 2, weka tu na ulale. Ila uwe umepiga hesabu, na uwe umeandika kwenye waya. Nasema andika kwenye waya kwa sababu ifuatayo, sikilizeni hii maana ndo inaunguza vitu.

Pasivu ya volti 24 au 48 inatuma umeme muda wote, kuwe na kifaa au kusiwe. Mtu mwingine anakuja baada ya mwaka, anaona waya wa netiweki unaning'inia, anachomeka kifaa chake. Vifaa vingi vya netiweki, hasa vya zamani, zile jozi mbili za bluu na kahawia hazikuachwa wazi ndani, zimefungwa kila moja na rezista ya omu 75 kupunguza makelele, na rezista hizo zinakutana. Kwahiyo umeme ukiingia bluu unatokea kahawia kwa kupitia omu 150. Volti 48 kwenye omu 150 ni wati 15, kwenye virezista vidogo kama punje ambavyo havistahimili hata robo wati. Zinaungua palepale, moshi, harufu, kwaheri. Hata volti 24 ni karibu wati 4, bado zinakufa. Ile swichi ya kiwango ikipima ikakuta omu 150 badala ya kilo-omu 25 inajua hapa hapana, haiwashi. Nadhani sasa mnaelewa kwanini napenda kinachobisha hodi.

Tuje kwenye kuchagua splita sasa. Kwanza soma lebo ya kifaa chako, sio lebo ya adapta iliyopo maana huenda mtu alishabadilisha. Volti ngapi, ampi ngapi, na je ni DC au AC. Kamera nyingi za zamani za kuba, na zile za kuzunguka, zilikuwa zinatumia volti 24 za AC, kuna kialama cha kimawimbi kwenye lebo. Splita inatoa DC. Nyingine zimeandikwa zinakubali 12 DC au 24 AC zote, hizo hamna shida wape 12 DC. Iliyoandikwa AC peke yake usibahatishe, iache na transfoma yake. Na zile za kuzunguka zenye hita ndani kwa ajili ya baridi, hita peke yake inaweza kumaliza wati zote za 802.3af, hapo ama uende kwenye 802.3at na splita yake, ama uiache ilivyo.

Pili jeki. Ya kawaida ni milimita 5.5 kwa 2.1, kuna dada yake wa 5.5 kwa 2.5, kwa macho hutofautishi, inaingia ila inalegea na kamera inazima ukigusa waya. Na pima chanya ipo katikati au nje kabla ya kuchomeka, vifaa vya zamani vingine vimegeuzwa, mita inachukua sekunde tu kukuambia.

Tatu, splita za bei ya chini nyingi zinapitisha mega 100 tu. Kwa kamera ya zamani haina neno maana yenyewe ni mega 100 au hata mega 10, ila usije ukaiweka njia ya swichi ndogo ya giga halafu ulalamike intaneti imekuwa nzito.

Nne, na hii wauzaji wengi hawajui ukiwauliza, ni kama splita imetenganisha umeme wa kuingia na wa kutoka kwa transfoma ndani. Iliyotenganisha inakuepusha na matatizo ya athi, hasa kifaa kikiwa kimefungwa kwenye chuma cha jengo au mlingoti. Isiyotenganisha inaweza kufanya kazi miaka ndani ya ofisi, halafu ukaipeleka kwenye geti la chuma ikaanza vituko.

Kwa wenye kamera za analogi, zile za kebo ya koaksi, najua mpo. Hizo hazina netiweki kabisa kwahiyo usizichomeke kwenye swichi. Ila waya wa netiweki unazifaa, picha inapita kwenye jozi moja kwa kutumia baluni, kidude cha kuunganisha koaksi na jozi ya waya, moja huku na moja kule, umeme unapita jozi zilizobaki. Na kanuni ni ileile, usitume 12, tuma 24 au 48 za DC kutoka pawa saplai moja, kule kwenye kamera weka kishusha volti. Ukiona mistari ya mlalo inapanda taratibu kwenye picha, hiyo ni athi inazunguka kati ya kamera na rekoda, tafuta kishusha volti kilichotenganishwa.

Milango sasa. Hapa napunguza utani.

Kisoma kadi chenyewe mara nyingi hakina netiweki, kinaongea na kontrola kwa Wiegand au kwa RS-485, njia za kutuma data kwa nyaya zisizo za netiweki, mwenye netiweki ni kontrola. Kwahiyo splita inakaa kwenye kontrola, kontrola ndo inalisha kisoma kadi na kufuli. Jumlisha vyote. Kufuli la sumaku la volti 12 linaweza kula nusu ampi, wati 6 hizo, muda wote mchana na usiku kwa sababu sumaku inashika pale tu umeme upo. Kontrola na kisoma kadi ongeza wati 3 au 4. Umefika 10, na splita ya 802.3af ukitoa hasara yake inakupa kama 11. Unapita, ila kwa kubana mno, mi ningeweka 802.3at nikalala.

Na fikiria hili, sumaku inashika umeme ukiwepo, maana yake swichi ikizimwa mlango unafunguka. Mtu wa IT anaweka apdeti kwenye swichi saa sita usiku, swichi inajirestati, milango yote ya jengo inaachia kwa dakika mbili tatu. Kwahiyo kwenye mlango weka kabetri kadogo pamoja na kontrola, kalishwe na splita, kashike wakati swichi imelala. Betri isiwe sababu ya kuzuia watu kutoka lakini, kitufe cha kutokea na alamu ya moto lazima vikate umeme wa sumaku moja kwa moja, kwa waya, visipitie programu yoyote. Na vifaa vya alamu ya moto vyenyewe usiviguse na mambo haya ya splita, vina sheria zake na nyaya zake.

Halafu kitu kidogo, kufuli lina koili, ukikata umeme linarudisha kishindo cha volti nyingi sana. Adapta kubwa ya zamani ilikuwa inavumilia, splita haivumilii. Weka dayodi, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, 1N4007 inatosha, kwenye nyaya za kufuli, ule upande wenye mstari uende kwenye chanya. Kontrola zinazoganda kila mtu akipitisha kadi, nyingi ni hilo.

Waya. Kuna waya wa netiweki ambao ndani ni alumini imepakwa kopa juu, mnaujua, ule mwepesi. Kwa data ya umbali mfupi utakudanganya vizuri, kwa umeme ukinzani wake unazidi kopa kwa zaidi ya nusu, yaani zile omu 9 zangu zinakuwa 14 hivi, na ukikunja kunja unakatika ndani. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani rudisha. Na ukivuta kwenda nje, kwenye mlingoti au ukuta wa mbali, weka kinga ya radi ncha zote mbili na uipe athi ya kweli. Jengo kwa jengo mi natumia faiba halafu umeme natafuta hukohuko.

Swichi nayo ina bajeti yake. Swichi ya matundu 8 ya kuchomekea waya imeandikwa PoE unadhani kila tundu linatoa 15.4, ukisoma nyuma kumbe jumla ni wati 60. Splita nyingi zinajitambulisha kama daraja sifuri, maana yake hazisemi zitakula ngapi, swichi nyingine zinaamua kutenga 15.4 nzima kwa kila moja, ukichomeka ya nne bajeti imeisha wakati kamera zote nne kwa pamoja hazijala hata wati 25. Ingia kwenye mipangilio ya swichi uweke kikomo kwa mkono, au itumie ile inayohesabu matumizi halisi.

Ila bajeti ikikaa sawa, faida yake ni hii moja ninayoipenda kuliko zote, UPS moja, lile boksi la betri, chini ya swichi na kamera za jengo zima zinaendelea kuona hata umeme ukikatika. Zile adapta za darini kila umeme ukikatika zinakufa zote, na mwizi anajua kuzima meni swichi.

Haya maswali. Kaka pale nyuma... anasema kaweka splita kwa kasensa ka mwendo peke yake, kanawaka sekunde kanazima, kanawaka kanazima. Swali zuri sana hili. Swichi ya kiwango inaangalia kama kifaa bado kipo kwa kupima mkondo, ukishuka chini ya miliampi 10 kwa kama theluthi moja ya sekunde, inaamua umechomoa, inakata, halafu inaanza tena kubisha. Sensa ya mwendo inakula miliampi 15 kwa volti 12, ukiipeleka upande wa 48 ni kama miliampi 4, na splita yako huenda yenyewe haili vya kutosha kujazia. Dawa yake, lisha sensa kadhaa kwa splita moja, au weka rezista ya omu 220 ya wati 2 kwenye mkia wa volti 12, inakula wati 0.65 bure ila swichi inatulia. Iweke pasipo na plastiki inayogusa maana inapata joto.

Dada anauliza kama kamera za zamani ni salama kwenye netiweki. Umeme tumemaliza, ila kwa upande huo hapana, hazipati tena apdeti. Ziweke kwenye VLAN yake, yaani netiweki iliyotengwa ndani ya swichi, zisione intaneti, zione rekoda tu, na paswedi ya kiwandani itoke leoleo.

Mzee anauliza anunue splita ngapi za akiba. Moja kwa kila aina unayotumia, na ziandike volti kwa kalamu nene juu, maana ya 5 na ya 12 na ya 24 zinafanana kabisa, na kamera ya volti 5 ukiipa 24 hutahitaji mita kujua.